Nilichokikata kwa Wembe

Kosa hili nililifanya kwa mikono yangu, kwa akili timamu, bila kushurutishwa na mtu. Enzi za utepe, nilipokuwa mtayarishaji wa vipindi vya muziki redioni, niliichukua santuri ya Ella Fitzgerald iliyorekodiwa jukwaani Berlin, nikaunakili wimbo wake mashuhuri, kisha nikashika wembe nikaiondoa sehemu aliyosahau maneno. Nikaunga vipande viwili vilivyobaki, nikaurusha wimbo hewani. Wasikilizaji walipata wimbo mfupi usio na doa. Niliamini nimemsitiri.

Tarehe 13 Februari 1960, Ella alipopanda jukwaa la Deutschlandhalle, alikuwa na miaka 42 na alikwisha kuimba kwa robo karne, tangu aliposhinda shindano la chipukizi katika ukumbi wa Apollo, New York, mwaka 1934. Nyuma yake walikuwapo wapigaji wanne tu: Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi na Gus Johnson kwenye ngoma. Nyingi ya nyimbo za usiku ule zilikuwa vipenzi vya watu tangu zamani, za akina Gershwin, Cole Porter, Rodgers na Hart. Miaka michache kabla yake alikuwa amerekodi mikusanyo mizima ya watunzi hao studioni, kila neno mahali pake. Mimi nilizihusudu mno rekodi zile za studio, nikazifanya mizani ya kupimia kila kitu. Hapo ndipo nilipopotea.

Sasa sikiliza nilichokikata. "Mack the Knife" ni wimbo wa Berlin yenyewe; ulisikika mara ya kwanza mjini humo mwaka 1928, katika mchezo wa Bertolt Brecht na Kurt Weill, watu ambao mwaka 1933 walilazimika kuikimbia Ujerumani ya Wanazi. Ella anauleta tena nyumbani kwao, na kabla hajaanza anawaambia watu kwamba anatumaini atayakumbuka maneno yote. Beti za mwanzo zinakwenda sawia. Halafu maneno yanamponyoka. Hanyamazi. Anatunga palepale, mapigo yakiwa yaleyale: anaimba kwamba amesahau, anawataja Bobby Darin na Louis Armstrong waliouimba kabla yake, anakiri kwamba yeye na wenzake wanauharibu wimbo. Kisha anaiga ile sauti ya Armstrong yenye mikwaruzo, na bendi inampandisha ngazi baada ya ngazi, huku ukumbi ukimshangilia.

Wimbo huo na albamu hiyo vilimpa tuzo za Grammy. Nililijua hilo, tena niliusikia ukumbi ukishangilia, na bado nilikata. Sikuwa na udhuru wa ujinga. Nilidhani heshima ya mkongwe ni kumfichia anaposahau, na nilimdharau msikilizaji wangu kwa kudhani hawezi kumpenda msanii aliyepungukiwa na neno. Kumbe mashabiki wa Berlin walikuwa wakishuhudia miaka 25 ya kazi ikijibu kwa sekunde chache. Ufundi ule studio haiwezi kuuonyesha, kwa sababu studioni mtu akikosea anarudia.

Laiti ningeishia kwa Ella. Santuri yake imetolewa upya mara nyingi, na aliyedhulumiwa na kipindi changu anaweza leo kuusikia wimbo mzima. Lakini baadaye tulirekodi usiku wa taarabu. Mwimbaji alikuwa bibi mtu mzima sana, aliyekuwa akiimba nyimbo ambazo ukumbi wote ulizijua. Katikati ubeti ulimpotea. Akina mama waliokuwa mbele wakimtunza wakampa mstari. Akaupokea, akaurudia, akaongeza mingine aliyoitunga mwenyewe papo hapo, na fidla zikamngoja bila haraka. Nilikata yote hayo. Nilikata pia marudio aliyowaimbia watuzaji, kwa kuwa kipindi kilikuwa cha nusu saa. Taarabu bila watuzaji ni taarabu gani? Sikujiuliza.

Vipande viliingia kwenye pipa la taka. Hapakuwa na nakala nyingine, na yule bibi ameshatangulia mbele ya haki. Mistari aliyoitunga usiku ule haimo tena mahali popote, na mwenye lawama ni mimi. Jamaa zake nimewaomba radhi. Waliokuwa wakinisikiliza nawaomba radhi hapa.

Nanyi mnaotunza kanda za zamani, iwe stesheni, kwenye vikundi au kabatini nyumbani, nawasihi: zinakilini nzima, pamoja na vikohozi, vigelegele na pale mwimbaji aliposahau. Kipindi kikiwa kifupi, fupisheni nakala. Kanda ya asili msiiguse.