Mash Burnedead Ashuka Mtera

Kwenye basi la Iringa, kuanzia stendi ya Nanenane pale Dodoma, nilikuwa na juzuu ya kwanza ya Mashle, katuni ya Kijapani ya Hajime Komoto iliyoanza kutoka mwaka 2020 katika jarida la Weekly Shonen Jump. Nakala yangu ni ya Kiingereza, karatasi zake nyepesi kama za gazeti, na kondakta alishaniuliza mara mbili kama ni ya mtoto.

Kisa chake kinakwenda hivi. Kuna nchi ambayo kila mtu ana uchawi, na ushahidi wa uchawi huo ni mstari usoni. Anayezaliwa bila mstari dola inamwondoa duniani. Mash Burnedead hana mstari. Amelelewa porini na mzee Regro, kutwa ananyanyua vyuma, na udhaifu wake ni mmoja tu: vikeki vilivyojazwa krimu. Anatoroka kwenda mjini kuvinunua, polisi anamwona uso mtupu, anafuatwa mpaka nyumbani. Anayepigwa pale ni polisi. Yanafikiwa mapatano: Mash aende Shule ya Uchawi ya Easton, akawe mwanafunzi bora anayeteuliwa kuwapita wote, na akiupata ukubwa huo hakuna atakayemgusa yeye wala babu yake. Basi anaweka mstari wa bandia, anakwenda kwenye mtihani wa kuingia.

Easton ni mzaha kwa shule ya Harry Potter, hilo halifichiki. Ila Komoto anachekesha kwa uso mkavu. Mash haringi, hakasiriki, hata hajui kuwa anachekesha. Herufi za karatasi ya mtihani zinakimbiakimbia, wenzake wanazituliza kwa fimbo za uchawi, yeye anazitisha mpaka zinajipanga zenyewe.

Baada ya Fufu nchi inakauka: miiba, mibuyu, mbuzi, vumbi jekundu. Kisha ghafla maji. Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 ili kuukinga Mto Ruaha Mkuu, mitambo ya Kidatu huko chini isikose maji wakati wa kiangazi. Mtera yenyewe ilipata kituo chake cha megawati 80 mwaka 1988. Barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa, na pale kamera huwekwa mfukoni. Miti iliyozama imebaki imesimama majini, mikavu, ndege juu yake.

Nikashuka kula. Mtera huwezi kupita bila samaki: perege waliokaangwa wakakakamaa, wamepangwa kwenye beseni, ndimu na pilipili pembeni, na akina mama wanalikimbilia basi kabla halijasimama. Niliyenunua kwake alikuwa na mwanawe wa kidato cha pili, yuko likizo, anachochea moto.

"Shikamoo, mwalimu," akaniambia. Ukivaa miwani na kushika kitabu, huku wewe ni mwalimu tu. "Hicho ni Naruto?"

Naruto anamfahamu kwa kibanda umiza, pale wanapoonyesha filamu kwa kiingilio. Nikampa. Akakifungua kama tunavyofungua vitabu vyote, akajikuta mwisho wa hadithi. Dada yake mdogo, mtoto wa madrasa, akamnyang'anya, akakigeuza, akaanza upande wa kulia kwenda kushoto bila kuelekezwa na mtu. Kiingereza hakijui. Alifuata picha, na akacheka mahali panapostahili.

Kaka yake akasoma kurasa nyingi kimya, samaki wakaanza kuungua mama akamkemea. Kisha akaniuliza: "Sasa huyu anamroga nani?"

Swali hilo lilinizidi kimo. Ni kweli, katika juzuu nzima hakuna anayerogwa. Watu wanapigana kwa uchawi mchana kweupe, walimu wanausahihisha, mkuu wa shule anausifu. Hakuna anayeamka na uvimbe usioeleweka, hakuna ng'ombe aliyekufa ghafla, hakuna shangazi anayetazamwa vibaya msibani. Uchawi wa Easton ni kipaji, una cheti. Wa kwetu ni tuhuma. Hujiandikishi shule, unatajwa.

Hapo ndipo kitabu hiki cha vichekesho kilipoanza kuniuma. Kule anawindwa asiye nao. Huku anawindwa anayesemwa anao. Na huku nako alama iko usoni. Kanda ya Ziwa na Tabora vikongwe wameuawa miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Ugogo nao wanayajua macho mekundu kwa sababu nyingine: vikope. Kongwa, huko huko Ugogo, imechunguzwa na madaktari kwa miongo kadhaa kwa ajili ya ugonjwa huo unaokwenda na vumbi, nzi na uhaba wa maji ya kunawa. Wazee wa Kigogo bado unawaona na ile alama ya mviringo katikati ya paji la uso, na wengi watakwambia waliwekewa utotoni iwe kinga ya macho. Mash alihitaji mstari usoni ili aachwe hai. Nilimtazama bibi aliyekuwa anauza karanga pembeni yetu, alama pajini, macho yakimtoka machozi kwa moshi wa kikaango, nikaona Komoto hakwenda mbali sana kuitunga nchi yake.

Serikali ya mkoloni ilijaribu kulimaliza jambo hili la uchawi na tuhuma zake kwa karatasi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo mpaka leo ni Sura ya 18 ya sheria zetu, inamwadhibu mchawi na inamwadhibu pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Huku kwetu aliyefanana kidogo na wakubwa wa Easton, mwenye nguvu hizo hadharani, ni mtemi wa Kigogo wa zamani: utawala wake ulishikana na dawa za mvua, na mvua ikigoma, lawama zilimwendea yeye.

J. K. Rowling, mtunzi wa Harry Potter, naye alitupatia shule yetu ya uchawi mwaka 2016: Uagadou, kwenye Milima ya Mwezi, Uganda. Wanafunzi wake hawahitaji fimbo, wanaroga kwa kunyoosha kidole na kuchezesha mikono. Nadhani hajawahi kumnyooshea mtu kidole kijijini akaona matokeo yake. Vikatuni vyetu vilikuwa vya kweli zaidi. Waliokua na jarida la Sani, pamoja na wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wanamjua mchawi wa kuchorwa: mtu mzima, uchi, juu ya ungo, anadondoka alfajiri kwenye paa la jirani. Tunamcheka kwa sababu kaumbuka. Mash tunamcheka tukiwa upande wake, na sikumbuki katuni ya kwetu iliyotuweka upande wa mtuhumiwa.

Kijana alikuwa amefika kwenye mtihani wa pili. Watahiniwa wanaingizwa kwenye njia za kupotezana, wanatakiwa kutoka kwa uchawi wao. Mash anatazama ukuta, anaupiga ngumi, unabomoka, anaupiga unaofuata, anakwenda moja kwa moja mpaka mwisho.

"Amefaulu?" nikamuuliza, maana kondakta alishaanza kupiga bodi.

"Huko kwao amefaulu." Akanirudishia kitabu, kidole gumba kimeacha duara la mafuta juu ya uso wa Mash. "Hapa Necta wangemfutia matokeo, na ukuta angelipa baba yake."