Kusoma Katika Chuo Kikuu cha Kanisa: Faida na Hasara kwa Mwalimu

Miongoni mwa maswali ambayo wanachuo hutuuliza sisi wakufunzi wanapokaribia kumaliza mafunzo yao, moja hurudi kila mwaka: je, mwalimu wa shule ya msingi atakaye shahada aombe nafasi katika chuo kikuu cha kanisa, au angoje chuo cha umma? Swali hili halijibiki kwa ndiyo au siyo. Lina mambo ya kazi, ya fedha na ya imani, na hapana budi kila jambo lipimwe peke yake kabla ya kuyajumlisha.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba makanisa si wageni katika kazi ya kufunza walimu. Huko Kiungani, Unguja, Waanglikana wa UMCA walikuwa wakiwafunza walimu tangu karne ya 19. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizitwaa shule nyingi za misioni ili watoto wote wasome bila ubaguzi wa dini. Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa tena, safari hii hadi elimu ya juu: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kikaanza Nyegezi, Mwanza, mwaka 1998, na Walutheri wakaanzisha Tumaini. Mfano wa Dodoma una mafunzo zaidi. Shule ya Alliance, iliyoanzishwa na misioni za Kiprotestanti, iligeuka kuwa Mazengo chini ya Serikali. Kisha majengo yakarudi kwa Kanisa Anglikana, na mwaka 2007 kikafunguliwa humo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Tanga. Nilipoomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha kanisa nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kwa miaka tisa, nina cheti cha Daraja A na matokeo ya kidato cha sita niliyoyapata kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama yangu hakunikataza. Aliniuliza neno moja tu: “Mwanangu, utakwenda kusoma elimu yao au dini yao?” Nilimjibu kwamba nakwenda kusoma ualimu. Alinitazama kwa muda, kisha akaniombea dua.

Faida niliyoivuna zaidi ilikuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mhadhiri wetu wa mbinu, ambaye alikuwa padri, aliketi nyuma ya darasa kipindi kizima, daftari mkononi. Somo likiisha hakuanza na makosa, aliniuliza, “Mtoto wa dirishani, mstari wa tatu, amejifunza nini leo?” Nami nilikuwa sijamwona mtoto huyo. Tangu siku ile andalio langu la somo lina sehemu ya kuandika nitamwuliza nani, wala si nitauliza nini tu. Sidai kwamba wahadhiri wa namna hii hawapatikani katika vyuo vya umma. Nasema kwamba pale kumfuatilia mwanafunzi mmoja mmoja kulihesabiwa kuwa sehemu ya wito, na ratiba ilikupa nafasi.

Hasara ya kwanza ni ada. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi vinavyotambuliwa, lakini mkopo si lazima utoshe gharama zote. Aidha, mkopo ni deni: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Katika chuo chetu, mwanafunzi mwenye salio la ada hakuruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani. Niliwaona wenzangu wawili, walimu wazuri, wakifungasha mizigo muhula wa nne kwa sababu hiyo.

Ya pili ni uthabiti wa chuo chenyewe. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na baadhi yake vilikuwa vya madhehebu ya dini. Jina la mtakatifu juu ya lango halithibitishi ubora wa mtaala. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji ahakikishe kwamba chuo na programu anayoitaka vinatambuliwa na Tume.

Ya tatu ni imani. Hakuna aliyenilazimisha kuingia kanisani. Hata hivyo, mhadhara mmoja uliwekwa Ijumaa saa saba mchana, wakati wa sala, na ilitupasa kuandika barua mbili kabla haujahamishwa muhula uliofuata. Jambo hili lilinikera, kadhalika lilinifundisha. Nilijua ladha ya kuwa wachache katika nyumba ya wengine. Leo ninapoingia darasani lenye Waislamu, Wakristo na watoto wa dini za jadi, huangalia kwanza ni nani ambaye ratiba yangu imemsahau.

Je, mwanachuo achague nini? Mwenye familia inayomtegemea na asiyeweza kuacha kazi, naona Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kitamfaa kuliko vyote viwili. Aliye na ruhusa ya mwajiri na uhakika wa ada ya miaka yote mitatu, wala si ya mwaka wa kwanza tu, asikiogope chuo cha kanisa, awe wa dini hiyo au sivyo. Asiye na uhakika huo asitegemee huruma ya kanisa; mhasibu wa chuo naye ana mishahara ya kulipa.

Ndugu wanachuo, chukueni karatasi mwigawe safu tatu: kazi, fedha, imani. Katika kila safu andikeni faida na hasara, kisha mwonyesheni mtu atakayeguswa na uamuzi wenu, awe mzazi au mwenzi wa ndoa. Mbinu hii mnaweza kuitumia pia na wanafunzi wa darasa la saba, kwani mtoto aliyezoezwa kupima mambo kabla ya kuamua amepata elimu ambayo mtihani hauwezi kuipima.