Tuni Ipi ya Kuweka Kwenye Subaru ya Nakuru?

Najua niliahidi makala ya hifadhidata. Samahani, itangoje kidogo. Kwa miezi miwili jioni zangu zote zimeliwa na gari, na kwa kuwa shida yenyewe iligeuka kuwa shida ya programu, nimeona niiandike hapa.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya 2006, ile ya soko la Japani, injini ya EJ207, lita 2, na turbo yake. Kwenye karatasi za kiwandani ina nguvu za farasi 280. Nililinunua mwaka jana kwa mtu wa Mombasa, kwa akiba ya miaka 3. Kuagiza jingine kama hilo moja kwa moja kutoka Japani haiwezekani, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Kwa hiyo STI za umri huu zilizopo nchini ndizo hizo hizo, zinazunguka mkono hadi mkono, na kila mwenyewe anaacha kitu chake ndani. Wanaosoma blogu hii kwa sababu ya kazi wameshaelewa: nilinunua msimbo ulioandikwa na watu nisiowajua, bila maelezo hata mstari mmoja.

Sikuliona hilo mpaka siku nilipokuwa na Mama.

Kila mwezi nampeleka kliniki Eldoret. Barabara mnaijua: unatoka Nakuru, Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, halafu unaanza kupanda kwenda Timboroa. Ni barabara yenye historia mbaya. Pale Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori vilikutana uso kwa uso Desemba 31, 2017, watu 36 wakafa. Mimi nilikuwa najiambia kwamba gari lenye nguvu ni usalama, kwamba unalipita lori haraka na kurudi upande wako.

Basi tumepita Mau Summit, mbele yetu lori la mizigo linatambaa. Nikaona nafasi, nikashusha gia, nikakanyaga. Gari likaruka vizuri kwa sekunde kama mbili. Kisha nikasikia sauti kama changarawe inayotikiswa ndani ya mkebe, na nguvu zikaisha. Gari lilikuwa bado linakwenda, ila ule msukumo niliokuwa nimeupigia hesabu haukuwepo. Mbele matatu inashuka. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alipunguza mwendo nikaingia mbele yake. Mama aliweka mkono kwenye dashibodi na hakusema neno mpaka Burnt Forest. Tulipofika huko akasema, "Kijana wangu, hili gari lako ni zuri, lakini mimi mwezi ujao nitapanda matatu."

Wiki ile nikawaeleza marafiki zangu wa Subaru (tuko wengi hapa mjini, mnatusikia usiku na mnatulaani, nisameheni). Jibu lilikuwa moja: gari halina nguvu ya kutosha, weka tuni kubwa zaidi. Mmoja alikuwa na faili kwenye flashi, "Stage 2", aliyoitoa kwa mtu wa Nairobi aliyeitoa kwa mtu wa ng'ambo. Elfu 15 tu na dakika 20. Nikakaribia kukubali. Kilichonizuia ni mazoea ya kazi. Huwezi kuweka toleo jipya juu ya mfumo ambao hujui una toleo gani sasa hivi.

Nikaazima kebo, nikachomeka laptopu kwenye ile soketi iliyo chini ya usukani, nikasoma kumbukumbu yote ya kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo imetengenezwa na Denso, ina prosesa ya biti 32 ya Renesas, na faili lote halifiki ukubwa wa picha moja ya simu ya kisasa. Ndani yake kuna majedwali: kwa kasi hii ya injini na mzigo huu, plagi iwashe lini, petroli kiasi gani, turbo isukume hewa mpaka wapi. Kuna programu huria inaitwa RomRaider, imeandikwa kwa Java, ilianza kwa jina la Enginuity. Watu wa kujitolea wamechambua anwani za majedwali hayo na kuziandika kwenye mafaili ya XML. Unafungua faili lako, unafungua la kiwandani, unayalinganisha. Ni jambo tunalofanya kila siku kazini, ila safari hii kosa lilikuwa na mama yangu ndani.

Tofauti zilikuwa tatu.

Ya kwanza, shinikizo la turbo lilikuwa limeongezwa. Hilo nililitarajia.

Ya pili, onyo la kihisi cha oksijeni cha nyuma lilikuwa limezimwa. Nikaingia chini ya gari na tochi, nikaelewa. Kichujio cha moshi kilikuwa kimekatwa, bomba tupu limechomelewa mahali pake. Kile kichujio kina platini, paladi na rodi ndani, na huuzwa vizuri kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sijui nani alikiuza, najua tu kwamba taa ya injini ilizimwa ili mnunuzi asiulize. Mnunuzi ni mimi.

Ya tatu ndiyo ilinikalisha chini. Kuna jedwali linalopunguza shinikizo la turbo kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, yaani kadiri unavyopanda mlima. Lilikuwa limejazwa sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Niwaeleze kwa nini hilo ni jambo kubwa kwetu. Mombasa, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101. Nakuru tuko kama mita 1,850, na hewa ni kama kilopaskali 81. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni kama 72. Sasa iambie turbo ikupe kilopaskali 200 kila mahali. Mombasa inabidi iikandamize hewa mara mbili hivi. Nakuru, mara mbili na nusu. Timboroa, karibu mara 2.8. Ili kufanya hivyo lazima izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inayokandamizwa hivyo inatoka moto zaidi. Kipoza hewa kilicho juu ya injini hakimalizi joto hilo, hasa ukiwa unapanda polepole nyuma ya lori.

Hewa ya moto ndiyo inayoleta kugonga. Mchanganyiko wa petroli na hewa unatakiwa uwake kwa mpangilio, moto ukianzia kwenye plagi na kusambaa. Ukiwa moto mno, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ile changarawe ndani ya mkebe ndiyo hiyo. Ikiendelea, hupasua pistoni pale zinapokaa ringi. Rafiki yangu mwenye Forester ya lita 2.5 ilimpata hivyo. Injini yake iko kwenye gunia hadi leo.

Ongeza petroli. STI ya Japani iliandikiwa petroli bora ya kwao, ambayo kwa kawaida ina oktani karibu 100. Ya kwenye pampu zetu haifiki hapo. Oktani ndiyo uwezo wa petroli kuvumilia bila kulipuka yenyewe, kwa hiyo tunaanza tukiwa tumeshapoteza sehemu ya akiba.

Subaru wenyewe walilifikiria hilo. Kompyuta ina kihisi kinachosikiliza kugonga, na ina namba moja inayoanzia 0 hadi 1, nayo ni kama kipimo cha imani. Ikiwa 1, kompyuta inaiamini petroli na inawasha plagi mapema kama jedwali linavyotaka. Ikisikia kugonga kwingi, namba inashuka, plagi inachelewa, nguvu zinapungua, injini inapona. Nikamweka binamu yangu kiti cha pembeni na laptopu mapajani, tukapanda taratibu kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit tukirekodi. Tulianza na 1. Tulipofika juu ilikuwa 0.69.

Kwa hiyo siku ile nguvu zilipoisha, gari halikuwa na ubovu. Lilikuwa linajiokoa. Na Stage 2 ya elfu 15 ingeongeza shinikizo juu ya jedwali lile lile la sifuri.

Aliyeliandika faili hilo sidhani alikuwa mtu mbaya. Ukiwa Mombasa jedwali la mwinuko halina kazi, ukilifuta huoni tofauti yoyote. "Kwangu linafanya kazi." Ni mara ngapi nimeisema sentensi hiyo kazini na kufunga laptopu?

Basi nikabaki na njia nne. Kuweka faili la marafiki, hiyo nikaitupa. Kumlipa mtu wa ng'ambo anayetuni kwa barua pepe, wewe unamtumia rekodi, yeye anakutumia faili jipya. Inafaa, lakini ananitegemea mimi kujua rekodi gani ni mbaya. Kujitunia mwenyewe, na hapa ndipo kiburi cha digrii kilinishika kwa wiki nzima. Nilikuwa nimeshaanza kubadilisha namba. Kisha nikakumbuka kwamba kazini nikikosea narudisha toleo la jana, na hakuna amri ya kurudisha pistoni ya jana. Ya nne, kwenda kwa fundi wa Nairobi mwenye mashine ya kupimia nguvu, ile ambayo gari linakimbia juu ya rola. Elfu 60.

Kuhusu mashine hizo, jambo moja la kuwasaidia. Mtu akikuonyesha karatasi ya farasi 350, muulize kama namba imesahihishwa kwa mwinuko. Kanuni ya kusahihisha iliandikwa kwa injini zisizo na turbo, ambazo hupoteza nguvu pamoja na hewa. Kwa mwinuko wa Nairobi inaongeza zaidi ya asilimia 20. Injini ya turbo haipotezi kiasi hicho, kwa hiyo sehemu ya farasi zile ni za kwenye karatasi tu.

Yule fundi alinishangaza. Nilimpa rekodi zangu, grafu za rangi, maelezo kurasa tatu. Akavisoma vyote, kisha akauliza, "Boss, hili gari linaenda wapi?" Nikasema Eldoret, kila mwezi, na mama yangu. Akasema, "Basi tumtunie mama."

Nilicheka, lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani niliona kwamba hilo ndilo swali nililokuwa nimelikwepa. Nilikuwa nalinganisha tuni kwa namba, bila kusema gari ni la kazi gani.

Aliturudishia jedwali la mwinuko la kiwandani. Akapunguza shinikizo, akachelewesha plagi kidogo kwa ajili ya petroli yetu, na alikataa kunipa faili mpaka nimeweka kichujio cha moshi kipya na kuliwasha tena lile onyo. Kichujio kiliniuma mfukoni kuliko tuni. Mimi nilikuwa na sharti moja: faili nipewe likiwa wazi, bila kufungwa kwa nywila, pamoja na orodha ya kila kilichobadilishwa. Akaniandikia kwa mkono, ukurasa mmoja. Atakayelinunua gari hili kwangu ataukuta ndani ya droo ya dashibodi.

Hapa juu gari sasa lina nguvu chini ya zile 280 za kiwandani. Wenzangu wamenicheka sana. Mmoja ameniuliza kwa nini sikununua Probox. Nimewakumbusha Safari Rally ya 1993. Subaru walileta Vivio, kigari cha sisi 660. Colin McRae hakumaliza. Patrick Njiru wetu alimaliza na kushinda kwenye daraja lake.

Jumamosi iliyopita nilimbembeleza Mama, akakubali kupanda tena. Tulipanda Timboroa huku binamu yangu akiwa nyuma na laptopu. Namba ilikaa 1 njia nzima. Kulikuwa na lori mbele yetu pale pale, na nafasi ilionekana. Sikuichukua. Tulikaa nyuma yake, madirisha yamefungwa kwa sababu ya moshi wake, mpaka barabara ilipopanuka. Nilipogeuka kumwambia Mama kwamba tumepita, nikakuta amelala.

Haya. Makala ijayo ni ya hifadhidata, kweli safari hii. Na kama umenunua gari lenye turbo kutoka Pwani na unaishi huku juu, tafadhali, kabla ya kuongeza chochote, soma kwanza kilichomo.