Nairuzi ya Shiraz, Nairuzi ya Makunduchi

SHIRAZ

Wairani hawangoji saa sita ya usiku. Mwaka wao mpya, Nairuzi, huingia dakika ile jua linapovuka ikweta kuelekea kaskazini, usiku na mchana vikiwa karibu sawa na majira ya machipuko yakianza. Wanafalaki huikokotoa dakika hiyo mapema, ikatangazwa nchi nzima. Mwaka 2018, nilipokuwa Shiraz, iliangukia tarehe 20 Machi, saa 1:45 usiku. Mwaka mwingine huwa alfajiri, mwingine adhuhuri, na watu hupanga kulala, kupika na kufunga maduka kwa kulifuata jua.

Nilifika mapema makusudi. Nilitaka kuona maandalizi kuliko sherehe, kwa kuwa nilishachoka na malengo yangu ya kila Januari, yale ninayoyaandika kwa wino mzuri wakati ada za shule na madeni ya sikukuu yananisubiri mlangoni.

Nyumba niliyofikia ilikuwa imepinduliwa. Mapazia yameshushwa, mazulia yametandazwa uani yakisuguliwa kwa maji na sabuni, makabati yamevutwa mbali na kuta. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa mabusu, kisha akanipa kitambaa. Kwa muda wote wa usafi ule kila kitu cha nyumba kilishikwa mkononi: sahani zenye nyufa, dawa zilizopitwa na wakati, viatu vya mtoto ambaye sasa yuko chuo kikuu. Kingine kikarudi kabatini, kingine kikagawiwa, kingine kikatupwa.

Nikamwuliza, binti yake akitufasiria, amejiwekea malengo gani ya mwaka unaokuja.

“Kwanza tumalize stoo, mwanangu,” akasema.

Na stoo ilipokwisha, bado hakuzungumza malengo. Alizungumza fedha aliyoazima kwa shemeji yake, ambayo alitaka irudi kabla ya mwaka kugeuka. Alizungumza nyumba ya jirani aliyefiwa, kwa sababu desturi ni kwamba katika Nairuzi ya kwanza baada ya msiba, wafiwa hutembelewa kabla ya wengine. Alizungumza dada yake ambaye hawakuwa wakisalimiana. Nilikuwa na daftari mkononi, na ukurasa niliouandalia malengo nikaujaza majina ya watu.

Sokoni, katika Bazaar ya Vakil na mitaa inayoizunguka, kila mtu alikuwa akibeba kitu chenye uhai: vyungu vya maua ya hiasinthi, samaki wadogo wekundu ndani ya mifuko ya maji, sahani za ngano na dengu zilizochipua. Chipukizi hizo huoteshwa nyumbani wiki mbili hivi kabla, na mahali pake ni juu ya meza ya vitu saba ambavyo majina yake ya Kiajemi huanza na herufi sini. Humo mna chipukizi, uji mzito wa ngano, tunda la senjed, kitunguu saumu, tufaha, kiungo cha sumaki na siki. Pembeni huwekwa kioo, mishumaa, mayai yaliyopakwa rangi, na Kurani au diwani ya Hafez, mshairi wa mji huo aliyefariki karne ya 14. Kioo ndicho kilichonivuta zaidi. Hukai mezani hapo bila kujiona uso.

Usiku wa Jumanne ya mwisho kabla ya mwaka kuisha, mioto midogo huwashwa barabarani na watu huiruka. Mrukaji huuambia moto uchukue umanjano wake, yaani maradhi na unyonge, umpe wekundu wake. Niliruka nyuma ya bibi mmoja ambaye wajukuu wawili walimshika mikono. Hakuna aliyeuomba moto cheo wala gari.

Jambo moja liliniumiza na sitalinyamazia. Njiani hupita mchekeshaji wa Nairuzi, Haji Firuz, amevaa nguo nyekundu, akipiga dufu, uso ameupaka masizi. Wapo wanaosema ni masizi ya moto wa kale tu. Wengine wanaona humo kumbukumbu ya Waafrika waliopelekwa Ghuba na Uajemi kama watumwa, ambao vizazi vyao viko hadi leo kusini mwa Iran. Mimi ninayetoka Tanga, pwani ambayo watu wake waliuzwa, niliona uso wangu ukigeuzwa kuwa kichekesho. Sikukuu inayosafisha hadi nyuma ya kabati ingeweza kuosha na uso huo.

Saa ya mwaka ilipokaribia, familia nzima ilikaa kuizunguka meza. Wengi huamini kwamba mahali utakapokuwa dakika ile, na hali utakayokuwa nayo, ndivyo mwaka utakavyokuendea, hivyo hakuna anayetaka kukutwa amenuna au yuko peke yake. Ikasomwa dua ambayo Mswahili yeyote aliyepita madrasa angeielewa: anaombwa Mgeuza nyoyo na macho, Mwendesha usiku na mchana, aigeuze hali yetu iwe hali bora kabisa. Mizinga ikalia kwenye televisheni. Wakakumbatiana, na baba akafungua Kurani akawagawia watoto noti mpya zilizokuwa zimehifadhiwa humo.

Asubuhi yake yakaanza matembezi, wadogo wakiwaendea wakubwa, kisha wakubwa wakirudisha. Yule dada alikuja siku ya tatu, na mama mwenye nyumba akamfungulia mlango mwenyewe, ingawa kwa kawaida ilikuwa kazi ya binti. Siku ya 13 kila mtu hutoka mjini kula chakula cha mchana bustanini au kando ya mto, na zile chipukizi hutupwa kwenye maji yanayokwenda. Wasichana hufunga mafundo ya majani mabichi, kila fundo na ombi lake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nilisikia watu wakisimuliana wanachotaka kufanya: yule anaanza masomo, huyu anahama kazi, mwingine anaacha sigara na ameshawaambia wote waliokaa mkekani.

MAKUNDUCHI

Julai ya mwaka uleule nilivuka kwenda Makunduchi, kisiwani Unguja, kwa ajili ya sherehe ya Mwaka Kogwa. Kusini mwa kisiwa, Nairuzi hiyohiyo husherehekewa katikati ya mwaka, na kisa chake ni hesabu. Mwaka wa jua wa pwani yetu, ambao mabaharia na wakulima waliuhesabu kwa makumi ya siku, una siku 365 kamili. Hauongezwi siku ya ziada, kwa hiyo kila baada ya miaka minne hurudi nyuma siku moja. Waajemi nao walikuwa na mwaka wa namna hiyo hadi mwaka 1079, wakati wa Sultani Malik Shah, ambapo wanafalaki, Omar Khayyam akiwa miongoni mwao, waliifunga Nairuzi kwenye siku ya kwanza ya machipuko. Yetu haikufungwa. Imeendelea kusafiri, ikaachana na machipuko ambayo pwani hatunayo.

Wengi Makunduchi hujiita Washirazi, yaani watu wa asili ya Shiraz, na mjadala kuhusu dai hilo ni mkubwa. Utafiti wa vinasaba vya kale uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wa miji ya pwani ya zama za kati walikuwa na asili ya Kiafrika na ya Kiasia kwa pamoja, na sehemu kubwa ya hiyo ya Kiasia ilitoka Uajemi. Mimi ushahidi wangu ni mdogo zaidi: nimeona moto wa Shiraz na moto wa Makunduchi.

Wa Makunduchi huteketeza kibanda cha makuti. Lakini kabla yake kuna pigano. Wanaume wa pande mbili, wa kaskazini na wa kusini, huingia uwanjani na mapande ya migomba na kupigana kwelikweli, huku wanawake waliovaa kanga na nguo zao nzuri kuliko zote wakiimba na kuwatania. Kinyongo cha mwaka mzima huishia hapo. Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akitazama.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umemwona yule wa shati la buluu? Yule anayempiga ndiye aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Leo watakula pamoja.”

Kisha kibanda kikawashwa. Mtu ambaye kwa desturi hukaa ndani yake akatoka mbio, moshi ukapanda na wazee wakautazama unaelekea wapi, kwa kuwa mwelekeo wake ndio habari ya mwaka. Watu wakaenda kuoga baharini. Nami sikuruhusiwa kutafuta chakula cha kununua, maana siku hiyo kila nyumba hutaka kuwa na mgeni. Yule bibi alinishika mkono tukaenda kwake.

TANGA

Nyumbani nilisoma kazi ya watafiti watatu, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis. Walionyesha kwamba watu huvutiwa zaidi kufuatilia malengo yao siku zinazoonekana kama mwanzo. Katika jaribio moja tarehe ilikuwa ileile, 20 Machi 2014. Walioambiwa ni siku ya kwanza ya machipuko walitaka zaidi kukumbushwa lengo lao siku hiyo kuliko walioambiwa ni Alhamisi ya tatu ya Machi. Yaani jina la siku linatosha kumsukuma mtu.

Naamini hivyo, na ndiyo sababu sioni haya kuihama Januari. Mwisho wa Machi kwetu ni masika, na mashamba huwa yamekwisha kufyekwa yakingoja mbegu. Ila msukumo wa tarehe ni wa siku moja, na Shiraz na Makunduchi zina vitu viwili ambavyo orodha yangu ya Januari haikuwahi kuwa navyo. Cha kwanza ni kuondoa kabla ya kuongeza. Mtu mwenye deni asilolitaja na ndugu asiyemsalimia huingia mwaka akiwa amebeba mizigo, kisha anashangaa kwa nini lengo zuri linamlemea kufikia Februari. Cha pili ni watu. Mwenye kuacha sigara mkekani ana mashahidi, na wagomvi wawili wa uwanjani wametazamwa na kijiji kizima.

Kwa hiyo nimeufanya mwezi Februari kuwa wa kufyeka. Nimerudisha fedha ya kikoba niliyoichelewesha. Nimempigia mjomba wangu wa Muheza, tukazungumza habari ya nyumba ya marehemu babu, bila kuelewana kwa yote ila kwa sauti ya chini. Nguo na vyombo visivyotumika vimekwenda kwa wenye shida navyo. Masika haya lengo langu ni moja: kuandika mapishi ya bibi yangu yakamilike, kuanzia mkate wa kumimina hadi mchuzi wa papa, kabla hajasahau vipimo. Dada yangu wa Pangani analijua. Atakuja kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi kupika pishi moja kwa kulisoma kutoka kwenye daftari langu, na bibi ataonja.