Ukurasa Nao Una Uzito

Mwanao anapofungua somo kwenye simu, umewahi kujiuliza ni nani anayezilipia picha zile zote?

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wangu wa hisabati hapa Kawangware walitawanyika. Zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, niliazimia kwamba balaa jingine lisitukute mikono mitupu. Kila Jumamosi nikawa napanda matatu namba 46 hadi katikati ya jiji, kujifunza kuunda kurasa za masomo za intaneti.

Mwalimu wangu, kijana niliyemzidi umri kwa mbali, alinifunza jambo moja kubwa: kila ukurasa una uzito. Maandishi ya somo zima yaweza kuwa kilobaiti 10 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kufika megabaiti 3, sawa na masomo 300 ya namna hiyo!

Nikamkumbuka mwanafunzi anayengoja mama arudi kutoka kibaruani ndipo apate simu. Nyumbani kwao, shilingi 20 za bando ni shilingi 20 za sukuma wiki. Basi kurasa zangu sizipambi. Pembetatu naichora kwa mistari michache, mfano naueleza hatua kwa hatua, jibu naliweka chini.

Mwalimu mwenzangu, nawe mzazi, kabla ya kuusifu ukurasa kwa urembo, ufungue kwanza kwa simu ya bei rahisi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Somo lisilofunguka halimfundishi mtu.