Barua kutoka Ughaibuni: Sinki la Jikoni na Njia ya Maji Yake

Kwa ndugu na jamaa wa Magamba, Manispaa ya Mpanda.

Miongoni mwa kazi ambazo Watanzania waishio Marekani huzigharamia nyumbani, baada ya paa kuezekwa na sakafu kusakafiwa, jiko la ndani limeshika nafasi kubwa, na katika jiko hilo ni vifaa vichache vinavyoagizwa kwa haraka na kwa kutazama picha tu kama sinki. Hoja ya barua hii ni kwamba sinki la jikoni, yaani karo la kuoshea vyombo lenye koki juu na tundu la kutolea maji chini, huchaguliwa vizuri pale mjenzi anapoanzia mahali maji yatakapoishia, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye koki, na kwamba anayeanzia kwenye mng'aro wa karo lenyewe hujikuta na kifaa cha thamani kisichooshea chombo chochote.

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Katika vitongoji vya Maryland vinavyouzunguka mji wa Washington, au huko Houston, ambako Watanzania wameweka makazi, mwenye nyumba anayekarabati jiko huingia dukani bila haja ya kuuliza maji yatatoka wapi wala yatakwenda wapi, kwa sababu mji umekwisha kuyajibu maswali hayo mawili kwa niaba yake: maji safi humfikia kwa msukumo mkubwa saa zote, na maji machafu hupokewa na bomba kuu lililo chini ya barabara. Kinachobaki kwake ni ukubwa, rangi na bei. Katika kata ya Magamba hali ni nyingine, kwa kuwa hata pale mabomba ya MUWASA, mamlaka ya maji ya Mpanda, yanapofika uani, kaya nyingi huweka tangi la akiba, na maji yaliyokwisha kutumika huishia katika shimo ambalo mwenye nyumba mwenyewe amelichimba na atalihudumia. Kaya ya Magamba, kwa maneno mengine, ndiyo mji wake yenyewe kwa upande wa maji, na sinki lake ni sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Jambo la kwanza linalosahauliwa ni msukumo wa maji, ambao hupimwa kwa kipimo kiitwacho bar. Mitandao ya miji ya Marekani kwa kawaida hufikisha maji nyumbani yakiwa na msukumo wa takriban bar 3 hadi 5, ilhali tangi lililoinuliwa juu ya mnara hutoa takriban bar 0.1 kwa kila mita moja ya kimo, hivyo kwamba tangi lililo mita tatu juu ya koki hutoa bar 0.3 tu. Koki za kisasa zenye kichwa cha kunyunyizia na mpira wa kuvuta, zile zinazopendwa sana na wanaotuma mizigo kwa kontena, zimetengenezwa kwa ajili ya msukumo wa mitandao hiyo, na zikifungwa chini ya tangi fupi hutiririsha maji membamba yasiyoweza kusuuza hata sahani. Kuna pia suala la hesi, yaani mikunjo ya parafujo ambayo bomba hukazwa nayo: Marekani hutumia hesi za kipimo chake, na Tanzania hutumia zile zilizoachwa na Waingereza, na ingawa hesi za nusu inchi za pande zote mbili zina idadi sawa ya mikunjo, pembe zake hazilingani, kwa hiyo koki hukubali kuingia na kisha huvuja. Koki ya kawaida ya robo mzunguko, iliyonunuliwa mjini Mpanda na ambayo fundi bomba wa hapo anaijua na ana vipuri vyake, ni bora kuliko koki ya kifahari iliyosafirishwa kupitia bahari na reli.

Upande wa pili wa sinki, ule wa chini, ndio unaostahili fedha na fikra nyingi zaidi. Bomba la kutolea maji lazima liwe na mpindo unaobaki na maji kidogo wakati wote, ili maji hayo yazuie harufu na wadudu wa shimoni wasipande jikoni. Mpindo huo si jambo jipya, kwani Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, aliupatia hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, mwaka 1775 kwa ajili ya choo cha maji, na tangu hapo hakuna kilichovumbuliwa kikauondoa. Baada ya mpindo bomba linahitaji mteremko, na mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita moja unatosha, kwa bomba la inchi moja na nusu au inchi mbili. Bomba jembamba zaidi ya hapo huzibwa na ukoko wa ugali na mchanga wa mchele katika muda mfupi.

Adui mkubwa wa bomba hilo ni mafuta. Mwaka 2017 wafanyakazi wa maji taka wa London walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na takataka, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na walitumia wiki kadhaa kulivunja. Mafuta yaliyokaangiwa samaki aina ya migebuka huganda kwa namna ileile bombani, ila Magamba hakuna kikosi cha mji kitakachokuja kuyavunja. Kwa hiyo kati ya sinki na shimo inapaswa kujengwa chemba ndogo ya kunasa mafuta, ambayo ni kisanduku cha tofali na saruji ambamo mafuta huelea juu na maji hupita chini, na ambayo hufunuliwa na kusafishwa mara kwa mara. Shimo lenyewe, lililojazwa mawe ili maji yanyonywe na ardhi, liwe mbali na kisima, na umbali unaopendekezwa sana ni mita 30 au zaidi. Wapo wanaopenda kuyaelekeza maji ya kusuuzia kwenye migomba, na desturi hiyo ni nzuri.

Ile mashine ya kusaga mabaki ya chakula iliyo chini ya masinki mengi ya Marekani, iliyobuniwa na John W. Hammes wa mji wa Racine, Wisconsin, mwaka 1927, isiagizwe. Hupeleka shimoni kile ambacho kuku na bustani wangekitumia, na hata mji wa New York uliipiga marufuku katika sehemu zake nyingi hadi mwaka 1997 kwa kuhofia mabomba yake makongwe.

Kuhusu karo lenyewe, mtindo unaotawala sasa ughaibuni ni karo moja pana, na mtindo huo una sababu ambayo haisafiri pamoja nao: nyumba nyingi za huko zina mashine ya kuoshea vyombo, hivyo sinki limebaki kuwa mahali pa kuoshea masufuria makubwa peke yake. Pale ambapo sahani, vikombe na vijiko vyote huoshwa kwa mikono, na maji ni ya tangi, makaro mawili yanafaa zaidi, kwa kuwa moja huwekwa maji ya sabuni na jingine maji ya kusuuzia, na koki haiachwi wazi. Karo moja kati ya hayo mawili sharti limeze sufuria kubwa kuliko zote zinazotumika nyumbani siku za kawaida. Upana wa sufuria hiyo upimwe kwa futi kamba kabla ya shilingi yoyote kutumwa. Masufuria ya shughuli, ya msiba na ya harusi, yataendelea kuoshwa uani, na kwa ajili yake karo la terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe na kusuguliwa hadi ikalainika, likijengwa na fundi wa hapohapo, ni imara na la bei nafuu, mradi tu lisiachiwe ndimu au siki kwa muda mrefu, maana tindikali huila saruji.

Kimo nacho ni suala la afya ya mgongo, na kwa kuwa wanaoosha vyombo kwa sehemu kubwa ni wanawake na wasichana, ni suala la haki. Christine Frederick, Mmarekani aliyeandika juu ya kazi za nyumbani mwanzoni mwa karne ya 20, alisisitiza kwamba masinki ya wakati wake yalifungwa chini mno na kuwachosha waoshaji, na tangu hapo meza za jikoni zimewekewa kimo cha takriban sentimita 90. Kimo hicho nacho kisifuatwe kama sheria. Kinachoamua kuinama si ukingo wa karo bali sakafu yake, mahali mikono inapofanyia kazi, na fundi mwema humwita yule atakayeosha vyombo, humsimamisha mbele ya ukuta, na huweka alama chini kidogo ya kiwiko chake.

Kwa upande wa mali ghafi, chuma kisichoshika kutu ndicho kinachopendekezwa. Chuma hicho, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913, huchanganywa na kromiamu ambayo hujifunika utando mwembamba unaozuia kutu, na aina bora kwa jikoni ni ile ya namba 304, yenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 au zaidi. Aina ya namba 201, ambamo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa na manganizi kwa ajili ya bei, hufanana nayo kwa macho, na sumaku haiwezi kuzitofautisha, kwa hiyo mnunuzi atafute namba iliyopigwa chapa na aulize. Unene huhesabiwa kwa geji, kama bati, na kama ilivyo kwenye bati namba ikipanda unene hupungua: geji 18, yenye milimita 1.2 hivi, haibonyei kirahisi. Madoa mengi ya kutu yanayoonekana baadaye hutokana na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, ambazo huacha vipande vyake, na pia dawa za klorini zinazoachwa kukauka karoni.

Meza za mawe ya kutengenezwa kiwandani, zinazozunguka sinki katika majiko ya kifahari, zina gharama isiyoandikwa kwenye bei, kwani vumbi lake lina silika nyingi inayochana mapafu ya wakataji, na Australia ilizipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Watu wa Magamba, ambao miongoni mwao wamo wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanalifahamu vumbi la mwamba na kikohozi chake.

Uchimbaji wa madini unaleta pia onyo zito kuliko yote yaliyotangulia. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na risasi hiyo hiyo ndiyo metali iliyotumika kwa karne nyingi kwenye mabomba ya maji, hadi ilipothibitika kwamba hudhuru ubongo wa watoto. Sheria ya Marekani tangu mwaka 2014 hairuhusu zaidi ya asilimia 0.25 ya risasi katika sehemu za koki zinazoguswa na maji ya kunywa, na koki ya shaba nyeupe isiyo na alama yoyote haina dhamana hiyo. Zebaki, inayotumiwa kunasia dhahabu, ni hatari zaidi kwa kuwa imo mikononi leo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na mkataba huo una jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa. Beseni, karai au kitambaa kilichogusa zebaki kisioshwe kamwe katika sinki la jikoni, wala maji yake yasifike kwenye migomba.

Kwa hiyo wazazi na ndugu wanaojenga Magamba wanaombwa wasikubali sinki lichaguliwe kabla ya kupeleka ughaibuni vipimo vya sufuria kubwa, kimo cha kiwiko cha mwoshaji na kimo cha mnara wa tangi, na walio ughaibuni wanaombwa fedha ya kwanza wailipie chemba ya mafuta na shimo, kisha sinki la makaro mawili la geji 18 linunuliwe Mpanda au Tabora.