Baridi Inasingiziwa

Kazi ya betri niliianzia Ngamiani, Tanga, kwenye kibanda cha kuchaji chenye harufu ya asidi iliyoingia hadi kwenye shati langu la Idi. Wateja wetu wengi hawakuwa na gari. Walikuja na betri wameifunga nyuma ya baiskeli, ichajiwe usiku kucha, wapate kuangalia mpira kijijini. Huko ndiko nilikojua kwamba betri huuawa na joto: maji hukauka, sahani za risasi huliwa, na betri iliyofika mwaka wa tatu tuliitazama kwa heshima.

Baadaye nikahamia Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nikaajiriwa kwenye gereji inayotunza magari yasiyotembezwa majira ya baridi. Wenyewe hawataki chumvi inayomwagwa barabarani ile bodi. Yanaingia Oktoba, yanatoka Aprili. Mengine tunayalaza uwanja wa maonyesho ya kilimo, katika mabanda ambayo Agosti hufungwa ng'ombe wa mashindano. Baridi ikifika wenye uwanja hukodisha nafasi. Hakuna umeme wala hita, na Januari kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri si habari.

Mzee mmoja mwenye Mustang ya 1966 aliiogopa baridi hiyo, akaichukua betri yake akailaze kwenye chumba chenye joto nyumbani kwake. Sikubishana naye, betri ni yake. Lakini betri inayokaa bure hujipotezea umeme yenyewe, na kila joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, upotevu huo hukaribia kuwa maradufu. Bandani kwetu ingepoteza kidogo sana.

Sharti ni moja: iingie imejaa. Asidi ya betri iliyojaa haigandi mpaka kwenye nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Ikiisha chaji, kilichobaki ndani ni karibu maji matupu, nayo huweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri. Barafu inatanuka, inapinda sahani, inapasua kasha. Kuichaji ikiwa bado imeganda ni kuutafuta mlipuko.

Kwa hiyo Oktoba nzima nashinda na mita mkononi. Naichaji, naiacha itulie, kisha napima. Nikisoma volti 12.6 au zaidi nimeridhika. Ikikaa chini ya hapo miezi kadhaa, salfeti huganda juu ya sahani na chaja haiiondoi tena. Halafu natoa waya, hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Gari la kisasa lina saa, alamu na kompyuta vinavyokunywa kimyakimya. Miliampea 50 zinaonekana si kitu, lakini kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 60 inamalizwa kwa siku 50. Gari lililoingia katikati ya Oktoba halifiki Krismasi. Penye umeme hatutoi waya. Tunaichomeka chaja ndogo inayoshikilia volti 13.5 hivi.

Kuna wanaokuja kila wiki kuwasha gari dakika tano, eti kulichangamsha. Siwapendi, na nimewaambia. Dakika hizo ni chache mno, na mvuke unabaki maji ndani ya ekzosi.

Kijana tunayefanya naye kazi, mtoto wa Nairobi, alinikuta napanga betri juu ya mbao.

"Mjomba, kwani bado unaamini saruji inanyonya umeme?"

"Siamini. Weka mbao."

Imani hiyo ni ya enzi za makasha ya mbao na mpira ulionyonya unyevu; plastiki ya leo haina shida. Ila bosi wangu wa Tanga hakuweka betri chini hata siku moja, na mkono wangu umezoea.

Simu nyingi hupigwa asubuhi ya kwanza ya baridi kali, na wapigaji ni watu wa magari ya kila siku, si yale tuliyoyalaza. Wote wanailaumu baridi. Nafungua boneti, napima. Mara nyingi betri ilishaharibiwa na joto la Julai, ila kiangazi injini ilikuwa nyepesi kuzungusha na haikudai nguvu nyingi. Namwonyesha mteja mita, namfungia nyingine, namwomba ile ya zamani niipeleke ikayeyushwe risasi.